Kava na rimiksi za nyimbo za filamu za Kihindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukitafuta wimbo mmoja wa picha ya Kihindi YouTube, unaletewa matoleo kumi: la kijana na gitaa, la DJ, la filamu mpya, la bendi ya harusi, na la asili limejificha huko chini. Ukurasa huu ni wa anayependa nyimbo hizi na anataka kujua anasikiliza nini. Msimamo wangu nautoa mapema: utamu wa nyimbo hizi umo ndani ya beti, na toleo linalobakisha kibwagizo tu limetupunja.

Kava na rimiksi zinatofautianaje?

Kava ni mtu mwingine kuuimba wimbo upya kwa sauti yake, mahadhi na maneno yakibaki yale yale. Rimiksi, kwa maana yake ya asili, ni kuichukua sauti iliyokwisha kurekodiwa na kuiwekea mdundo mwingine. India mambo haya yamechanganyika, na rimiksi nyingi zilizotamba kule ziliimbwa upya na waimbaji wachanga kisha zikapigiwa ngoma za disko.

Kuna aina ya tatu ambayo siku hizi ndiyo imejaa: filamu mpya inauchukua wimbo wa zamani, inabakisha kibwagizo, inaongeza mistari ya kurap na kuupa jina lenye “2.0” au “Again” mwishoni. Na ipo ya nne, ya kukata kipande kidogo cha wimbo na kukipachika ndani ya wimbo mwingine kabisa. Hiyo tutaifikia.

Mukhda na antara ni nini, na kwa nini wapenzi wa nyimbo hizi wanazitaja kila mara?

Mukhda ni kibwagizo, yaani sehemu inayofungua wimbo na kurudi kila baada ya ubeti. Antara ni ubeti wenyewe. Katikati yake kuna kipande cha ala: fidla nyingi kwa pamoja, filimbi, sitar, akodioni, kutegemea mtunzi. Mfumo huu ulipata nguvu enzi za santuri za kasi ya 78, ambazo upande mmoja ulibeba kama dakika tatu tu. Kwa hiyo mtunzi alilazimika kuyamaliza yote humo: kufungua, kupanda, kushuka, kurudi.

Mukhda ndiyo inayokamata masikio, na ndiyo utakayoimba ukiwa unafua. Lakini kazi ngumu iko kwenye antara. Hapo ndipo sauti inapopanda mahali usipotarajia, na ndipo mshairi anaposema alichokusudia. Mtunzi mzuri huijenga antara ili mukhda ikirudi isikike tofauti na ilivyosikika mara ya kwanza, ingawa haijabadilishwa hata noti moja. Ukitaka kuipima kava yoyote, iruke mukhda, nenda moja kwa moja kwenye ubeti wa pili. Kama ubeti wa pili haupo, umeshapata jibu.

Mimi ni mgeni kabisa. Nianze na wimbo gani?

Chagua wimbo mmoja na uufuate miaka yote. Mimi humwelekeza kila mtu kwenye “Chura Liya Hai Tumne” kutoka filamu ya Yaadon Ki Baaraat ya 1973. Muziki ni wa R. D. Burman, mashairi ya Majrooh Sultanpuri, waimbaji Asha Bhosle na Mohammed Rafi. Kwenye skrini ni Zeenat Aman mwenye gauni jeupe na gitaa.

Vaa spika za masikioni. Sauti ya kwanza kabisa si ya ala yoyote. Ni kijiko kinagonga glasi. Burman alikuwa mtu wa namna hiyo, kila kitu kwake kilikuwa chombo cha muziki. Kisha gitaa, kisha Asha anaingia taratibu kama anayeongea na mtu mmoja tu chumbani. Rafi humsikii mpaka wimbo umeshakwenda mbali, na anapoingia na ubeti wake ni kama mlango umefunguliwa.

Sasa nenda 1994, kwa Bally Sagoo wa Birmingham, Uingereza, na albamu yake Bollywood Flashback. Ameupunguza mwendo, ameuwekea besi nzito ya rege, Reema Das Gupta anaimba na Cheshire Cat anachombeza kwa raga ya Kijamaika. Hili lilikuwa toleo la vijana wa Kihindi na Kipakistani waliozaliwa Uingereza, waliokulia kati ya kanda za wazazi wao na muziki wa jirani zao Wajamaika. Unasikia nyumba mbili ndani ya wimbo mmoja.

Malizia na 2005. Asha Bhosle mwenyewe, akiwa ameshavuka miaka 70, aliuimba tena pamoja na Kronos Quartet ya Marekani, kundi la fidla mbili, viola na selo, kwenye albamu ya nyimbo za Burman ambaye alikuwa mumewe na aliyefariki 1994. Zakir Hussain yuko kwenye tabla. Sauti imezeeka na haijifichi. Nikisikiliza matoleo haya matatu kwa mfuatano, nasikia miaka zaidi ya 30 ikipita, na hakuna hata moja linalolifuta jingine.

Wimbo niliokua nao kwenye kanda una ngoma nyingi kuliko huu wa YouTube. Upi ndio wa asili?

Huenda ulikua na Jhankar. Miaka ya 1980 na 1990 makampuni yalikuwa yanazitoa upya nyimbo za zamani zikiwa zimeongezewa ngoma za kielektroniki na mwangwi, na kasha likaandikwa “Jhankar Beats”. Sauti ni ya Lata Mangeshkar au Kishore Kumar yule yule, ila chini yake kuna tiki-tiki isiyokoma. Kanda hizo zilisambaa kila kona, kwenye mabasi na madukani, na watu wengi hawakuwahi kusikia kitu kingine.

Wataalamu wengi wanazichukia. Mimi naona mtu aliyeupenda wimbo kwa njia ya Jhankar hana cha kuona haya. Ila tafuta muda usikie ule wenyewe mara moja, kwa sababu zile ngoma mara nyingi zimefunika vile vipande vya fidla na filimbi kati ya beti.

Uwezekano wa pili ni kwamba kanda yako ilikuwa kava tupu. T-Series, kampuni iliyoanzishwa na Gulshan Kumar 1983, ilipata nguvu kwa kazi hiyo. HMV, kampuni kongwe ya santuri, ndiyo iliyokuwa na nyimbo nyingi za zamani lakini haikuwa inazitoa kwa wingi na kwa bei nafuu. Sheria ya hakimiliki ya India ya wakati ule iliruhusu mtu kurekodi upya wimbo miaka miwili ikishapita, mradi atoe taarifa na alipe mrabaha. Basi Gulshan Kumar akawachukua waimbaji wachanga, wakaimba nyimbo za Rafi, Kishore, Lata na Mukesh, kanda zikauzwa bei ya chini. Anuradha Paudwal, Kumar Sanu na Sonu Nigam wote walipitia kava. Sonu Nigam alijulikana kwanza kwa kumwimba Rafi, na alimwimba kwa adabu.

“Kaanta Laga” ilikuwa kashfa ya nini hasa?

Ya video, siyo ya muziki. Wimbo wa asili ni wa Lata Mangeshkar, mtunzi R. D. Burman, kwenye filamu ya Samadhi ya 1972. Mwaka 2002 ukatoka upya na DJ Doll, na video yake ikamfanya Shefali Jariwala ajulikane India nzima. Wazee walikasirika kwa mavazi na miondoko, vijana wakaupiga mpaka alfajiri, na baada ya hapo kila kampuni ikawa inatafuta wimbo wa miaka ya 1970 wa kuurudia.

Mwaka huo huo “Thoda Resham Lagta Hai” wa filamu ya Jyoti (1981), sauti ya Lata na muziki wa Bappi Lahiri, ulirudi India kwa jina la “Kaliyon Ka Chaman”. Wakati ule ule kipande chake kilisikika Marekani ndani ya wimbo “Addictive” wa Truth Hurts, bila ruhusa, na kesi ikafika mahakamani. Wimbo uliokuwa umesahaulika kabisa ukawa wa moto katika mabara mawili kwa mara moja. Ndiyo maana siwezi kusema rimiksi ni laana. Bila rimiksi hizo, nani angeitafuta filamu ya Jyoti?

Mbona filamu za sasa zinarudia nyimbo badala ya kutunga mpya?

Pesa na umiliki. Haki za nyimbo nyingi ziko mikononi mwa makampuni ya muziki. Hazina ya HMV sasa ni ya Saregama, T-Series ina yake kubwa, na wao wakitaka kuutumia tena wimbo hawahitaji kumbembeleza mtu. Wimbo unaojulikana tayari umeshafanya nusu ya kazi ya tangazo.

Sheria ilibadilishwa 2012. Sasa anayetaka kutoa kava kwa leseni ya kisheria anasubiri miaka mitano, analipia nakala zisizopungua 50,000 kwa mwaka, haruhusiwi kubadilisha maneno wala muziki isipokuwa pale ufundi unapolazimisha, na lazima kasha liseme wazi kwamba ni kava. Mabadiliko hayo hayo yaliwapa washairi na watunzi wa filamu haki ya kugawana mrabaha ambayo hawawezi kunyang’anywa kwa mkataba. Javed Akhtar, mshairi wa nyimbo za filamu, alilipigania hilo sana. Lakini leseni hiyo haimgusi mwenye mali anapoamua mwenyewe kuubadilisha wimbo wake, na hapo ndipo zinapotokea zile za “2.0”.

Zipo zilizofanywa kwa heshima. “Tamma Tamma Again” ya 2017 iliwabakisha Anuradha Paudwal na Bappi Lahiri wa toleo la 1990. “Tip Tip Barsa Pani” iliporudi kwenye Sooryavanshi mwaka 2021, sauti za Udit Narayan na Alka Yagnik za filamu ya Mohra (1994) zilibakia. Napenda uamuzi huo.

Watunzi wenyewe wanasemaje?

Aprili 2020 ilitoka “Masakali 2.0”. Ile ya kwanza ni ya filamu ya Delhi-6 (2009): muziki wa A. R. Rahman, mashairi ya Prasoon Joshi, sauti ya Mohit Chauhan, na Masakali ni njiwa. Rahman, ambaye si mtu wa kugombana hadharani, aliwaomba mashabiki wasikilize ule wa asili, akaeleza kazi iliyoingia humo: usiku bila usingizi, kuandika na kuandika tena, wanamuziki zaidi ya 200, bila njia ya mkato. Hakumtaja mtu. Hakuhitaji.

Nimeyasikiliza yote mawili kwa haki. Katika wimbo wa 2009 sauti ya Mohit Chauhan inapaa, inasita, inapinduka, inapaa tena, njiwa mtupu. Toleo la 2020 limebakisha jina la njiwa na kumkata mbawa. Kosa halikuwa kuugusa wimbo. Kosa ni kuugusa bila kuuliza ulikuwa unasema nini.

Je, taarabu ya Mombasa yenye mahadhi ya Kihindi nayo ni kava?

Swali hili ndilo nilipendalo kuliko yote.

Waswahili walikuwa wanafanya kazi hii zamani, kabla ya DJ yeyote wa Birmingham. Unguja taarabu ilielekea zaidi Misri. Mombasa na Malindi, sinema za Kihindi zilikuwa zimewakaa watu moyoni, na waimbaji wakayachukua mahadhi ya filamu na kuyatilia mashairi ya Kiswahili. Mfalme wa kazi hiyo ni Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyezaliwa Malindi 1942 na kufariki 2014. Maulidi Juma na kundi lake pia waliimba sana kwa mtindo huo, na harusi nyingi za pwani zilinoga kwa sauti zao.

Kumwita Juma Bhalo mwigaji ni kutomsikiliza. Mahadhi ni ya filamu, ndiyo, na ukiijua filamu yenyewe utatabasamu kwenye kipande cha kwanza cha ala. Lakini maneno hayakutafsiriwa. Ni shairi jipya lenye vina na mizani, na mengi yalitoka kwa binamu yake Ahmad Nassir, malenga wa Mvita. Fikiria ugumu wake: mahadhi yalitungwa kwa Kihindi au Kiurdu, lugha yenye silabi ndefu na fupi, na mshairi wa Kiswahili analeta mizani yake ya nane kwa nane, kisha mwimbaji anavioanisha bila shairi kuvunjika. Juma Bhalo alijua pa kuivuta silabi na pa kuikaza. Sikiliza anavyoukaribia mwisho wa mshororo: anaizungusha sauti kama waimbaji wa filamu, halafu anakitua kina kwa uzito wa mtu aliyelelewa na mashairi ya Kimvita.

Kwa kipimo changu cha antara, hizi ni kava bora kuliko nyingi za Mumbai. Mahadhi ya beti hayakutupwa. Yalijazwa upya.

Wahausa wa Kano, Nigeria, wana jambo linalofanana na hilo: waimbaji wa bandiri huyachukua mahadhi ya filamu za Kihindi na kuyaimbia kasida za kumsifu Mtume.

Lakini si hata hizo “asili” zimechotwa kwingine?

Baadhi, ndiyo. Mory Kanté wa Guinea, bingwa wa kora (kinubi cha Afrika Magharibi), alitoa albamu ya Akwaba Beach mwaka 1987. Haikuchukua muda Bombay (Mumbai ya leo) ikawa na nyimbo mbili zilizochota humo: “Tamma Tamma” ya filamu ya Thanedaar (1990), na “Jumma Chumma De De” ya filamu ya Hum (1991) ambayo Amitabh Bachchan aliicheza. Kwa hiyo ile “Again” ya 2017 ni marudio ya wimbo ambao wenyewe ulitoka Afrika Magharibi. Mtafute Mory Kanté umsikilize, anastahili.

Na safari inakwenda pande zote. Zile fidla kali za “Toxic” ya Britney Spears zimekatwa kutoka “Tere Mere Beech Mein” ya filamu ya Ek Duuje Ke Liye (1981), kazi ya Laxmikant-Pyarelal. Black Eyed Peas walichukua nyimbo mbili za Asha Bhosle kutengeneza “Don’t Phunk with My Heart” ya 2005, moja ikiwa “Yeh Mera Dil” ya filamu ya Don (1978).

Sijui Kihindi. Nitafaidije?

Utafaidi. Kizazi kizima cha pwani kilijua nyimbo hizi kwa moyo bila kujua lugha. Maneno kama duniya, musafir na waqt utayakamata mwenyewe. Kwa mengine, andika jina la wimbo na neno “lyrics”, utapata maneno kwa herufi za Kirumi pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Soma antara moja tu kabla ya kusikiliza. Moja inatosha.

Nitajuaje kama nilichofungua ni toleo la asili?

Angalia maelezo chini ya video. Yanapaswa kutaja filamu, mwaka, mwimbaji, mtunzi wa muziki na mshairi. Jina la mshairi likikosekana, kuwa macho. Chaneli za Saregama na T-Series zimeweka nyingi za asili, ila nazo zinaweka Jhankar na “revival” (zilizotengenezwa upya), kwa hiyo soma kichwa cha habari chote.

Zile za taratibu, za “lofi”, mnazionaje?

Kwa kusomea au safari ya usiku ni nzuri. Zinapunguza kasi na kuongeza mwangwi, basi. Hazinikeri na hazinigusi.

Kina Kili Paul wanafanya kava?

Hapana, wanafuatisha kwa midomo, na ni sanaa yenye ugumu wake. Kijana huyu wa Kitanzania, akiwa na dada yake Neema, alipendwa India kwa video zake, ikiwemo ya wimbo wa filamu ya Shershaah (2021), mpaka Ubalozi wa India Tanzania ukamtunukia mwaka 2022. Kumbuka kwamba waigizaji wa filamu za Kihindi nao hufanya hivyo hivyo: steringi anafumbua kinywa, anayeimba ni mwingine.

Nataka kuimba kava mwenyewe na kuiweka mtandaoni. Nifanyeje?

Shusha sauti kwanza. Nyimbo za Lata ziko juu sana, na watu wengi hujiumiza koo kwa kung’ang’ania alipoimba yeye. Tafuta mpiga kinanda akushushie mpaka upande antara bila kukaza shingo. Anza na wimbo wa mwendo wa pole. “Lag Ja Gale” ya filamu ya Woh Kaun Thi? (1964), muziki wa Madan Mohan na mashairi ya Raja Mehdi Ali Khan, inaonekana rahisi na si rahisi, lakini inakufundisha pumzi. Kundi la Sanam, ambalo ndugu wawili kati yao wamekulia Muscat, limeiimba kwa gitaa na besi. Lisikilize uone jinsi ya kuvipunguza vyombo bila kuyagusa mahadhi.

Usitumie muziki wa karaoke wa mtu mwingine kama huna ruhusa, piga wako. YouTube ina mfumo unaotambua mahadhi, hivyo video yako inaweza kubaki hewani huku mapato yakienda kwa mwenye haki, au ikazuiwa. Usiogope ukipata taarifa hiyo, isome tu. Na kwenye maelezo andika filamu, mwaka, mtunzi na mshairi.

Harusi yetu ni mwezi ujao. DJ apige za zamani au rimiksi?

Zote, kwa mpangilio. Wakati wa chakula, wazee wakiwa bado wamekaa, apige za asili, nzima, bila kuzikata katikati. Watu wakishainuka, alete rimiksi: “Tamma Tamma Again”, kisha “Aankh Marey” ya Simmba (2018), kisha “Dilbar” ya mwaka huo huo. Mkiwa na jamaa wa pwani, mwulizeni DJ mapema kama ana nyimbo za Juma Bhalo. Na mpeni faili zenyewe kwenye flashi siku mbili kabla, kwa sababu akitafuta YouTube ukumbini kwa haraka atawapigia toleo la kwanza litakalotokea.